Mkuku Wangu Haukatwi

Mfipa wa Sumbawanga kumiliki mashua ya tanga ni kichekesho, najua. Mimi ni mama wa mashine ya kusaga. Unga hauniishi nyweleni hata Jumapili kanisani. Lakini mashua ninayo, iko Kasanga, kule ziwani, na wanaocheka nawaacha wacheke.

Niliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, akanifundisha kuiendesha kabla hajaondoka. Ni kuukuu, ya faiba, imeundwa kwa mashindano lakini ndani ina vitanda na jiko. Chini ya tumbo ina mkuku, pezi zito la madini ya risasi linaloizuia isipinduke. Kwa sababu ya huo mkuku haivutwi mchangani. Hukaa majini na nanga yake.

Hilo nililisema Kasanga mpaka nikachoka. Lakini pale ziwa likichafuka, chombo cha asiyekuwepo huvutwa nchi kavu na majirani, bila kuombwa wala kulipwa. Basi siku ya dhoruba, mimi nikiwa Sumbawanga, wanaume walijaa wakaivuta yangu kwa nyimbo. Ikalala ubavu, na pale mkuku unaposhikana na tumbo pakapasuka. Nilipofika walikuwa wanangoja shukrani. Nikawashukuru, kisha nikazunguka nyuma ya mashua nikalia kwa hasira.

Fundi mzee wa mitumbwi aliikagua.

"Shikamoo, baba. Itapona?"

"Marahaba, mwanangu. Likate hilo dubwana. Risasi tuyeyushe, tupate vizito vya nyavu. Halafu ufunge injini, ubebe mahindi."

"Haukatwi."

"Chombo gani hakipandi mchangani?"

"Changu."

Kaka yangu alipiga simu kuniambia mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikamjibu basi nitaisubiri hiyo Idi, ingawa sisi ni Wakatoliki.

Kila Jumamosi nilipanda basi, nikapita Matai, nikateremka ziwani na msasa na makopo ya gundi. Nilifungua bolti za mkuku moja moja, zilizoliwa na kutu nikaweka mpya, nikaziba ufa tabaka kwa tabaka. Fundi alikuwa anakuja kunisimanga. Jumamosi moja alikuja na jeki yake, akanyanyua upande uliokuwa unanishinda.

Siku ya kuishusha, wanaume walewale waliisukuma juu ya magogo, safari hii kwa amri yangu. Nikamwomba fundi apande.

Upepo wa mchana ulipotukamata, mashua ililala mpaka maji yakapita ukingoni. Fundi alikumbatia mlingoti.

"Tunapinduka! Legeza kamba!"

Sikulegeza. Mashua ikalala kidogo tena, ikakataa kulala zaidi, ikakata maji kuelekea katikati ya ziwa.

"Nini kimetushika?" aliuliza.

"Vile vizito vya nyavu zako, baba."

Aligeuka akatazama kijiji kinavyobaki nyuma. Nikamwonea huruma, nikanyoosha mkono nilegeze kamba ya tanga.

"Iache," akasema.