Jina Moja Tu

Générose alikuwa na miaka sitini na saba alipoambiwa amemla mjukuu wake akiwa bado tumboni. Ilikuwa Januari 2014, huku ughaibuni, mji wa Fridley, katika fleti ya mwanawe Bahizire. Mimba ya mke wa Bahizire, Euphrasie, ilikuwa imeharibika mara ya pili, na kikundi cha maombi kikaona ishara: bibi hapati usingizi, anaongea peke yake, hakondi. Mchungaji Thaddée akatoa masharti. Jumapili akiri mbele ya kanisa, amtaje na mchawi mwenzake mmoja, aombewe, abaki nyumbani. Akikataa, Bahizire amtoe.

Ijumaa alikuja dukani kwangu, mji wa jirani wa New Hope, na mjukuu wake Gentille, msichana wa miaka kumi na tano. Nilimwambia kama ninavyomwambia mteja yeyote: "Mama, hayo masharti yanalipa. Kubali, ulale pajoto."

Gentille akadakia. Shuleni walikuwa wanasoma habari za wachawi wa Ujerumani ya zamani. "Anti, hata kule walitaka majina. Mmoja anataja wanane, wale wanane wanataja kijiji kizima. Wote wanachomwa."

"Huku hawachomi," nikasema. "Mama, taja marehemu. Marehemu hafukuzwi. Mtaje mama mkwe wako."

Générose akacheka hadi akakohoa. "Yule angefurahi kutajwa! Lakini wewe Nkirote, unauza mzigo hujaufungua. Si wanasema uchawi unarithiwa? Nikimtaja yeye, nimemtaja Bahizire. Nikijitaja mimi, kesho watamtazama nani?"

Hakumwangalia Gentille. Mimi ndiye niliyemwangalia.

Jumapili alisimama. "Sijala mtoto wa mtu."

"Jina moja tu, mama," Thaddée akambembeleza.

"Sina." Akakaa.

Jioni Bahizire alimleta kwangu na sanduku moja, macho chini, theluji magotini. "Dada, nifanyeje?"

"Shusha sanduku."

Sikumchukua kwa huruma. Nilihitaji mtu wa sombe, na sijaona anayetwanga majani ya muhogo kama yeye. Waumini wa Thaddée wananunua. Wakiuliza nani katwanga, nawaambia mashine.

Mwaka uliofuata mimba ya Euphrasie ikaharibika tena. Kikundi kikakutana. Générose alimlilia mkwewe siku nzima. Asubuhi yake akaniuliza, "Wamemtaja nani?"

"Hakuna."

Akarudi kwenye kinu.