Mchicha wangu na majoho ya kwaya

Jamani, kuna kanisa huku ughaibuni, Edmonton, nikiingia mpaka leo watoto wananichungulia kola, na siwezi hata kukasirika, maana aibu yote niliitengeneza mwenyewe.

Mwezi wa tatu jua likawaka siku tatu mfululizo, watu barabarani mikono wazi, na mimi niliyeishia kidato cha pili (jiografia ilipofika kwenye hali ya hewa nilishatoroka) nikaamua baridi imekwisha, nikabeba miche yangu ya mchicha niliyoilea dirishani kwenye makopo ya mtindi kama mapacha, nikaenda kuipanda kwenye kiploti changu cha kukodi. Raha yake sasa! Udongo laini, kidege kinanifuata nyuma kikiokota minyoo, mimi naimba. Jirani wa kiploti, Mama Kokila, Mhindi wa Kisumu, kavaa masweta mawili, ananiangalia tu.

"Hii jua ni ya uongo, bwana. Ngoja mwezi wa tano."

"Mama, mimi mtu wa Morogoro. Nifundishwe mchicha?"

"Haya, mtu wa Morogoro."

Na kanisani nilikuwa nimeshatangaza, tena kwenye kipaza sauti, kwamba Pasaka mboga ni juu yangu.

Jumamosi moja jioni, Pasaka bado wiki kadhaa, simu ikasema usiku huu kutaganda barafu. Nikakimbilia kiplotini, cha kufunikia sina, ila kwenye buti la gari kulikuwa na majoho kumi na mawili ya kwaya, meupe pee, niliyoyafua mwenyewe (mimi dobi wa nyumba ya wazee, kwa hiyo kwaya ilinikabidhi), ya kuvaliwa kesho yake mbele ya askofu. Nikajiambia, usiku mmoja tu, kwani mchicha kaumba nani?

Asubuhi majoho yamekakamaa kama papa mkavu, ukiligonga moja linalia! Nikayabeba kama mabati mpaka kanisani, nikayatandaza kwenye hita, yakalainika, nikakung'uta tope, nikaona nimeshinda. Kumbe kwenye mikunjo walilala konokono wale wasio na gamba, na hita imewaamsha.

Ubeti wa pili, Mama Neema, mwenyekiti wa kwaya, ambaye hata mchungaji anamwogopa, kafumba macho anapandisha sauti, na mimi nyuma yake naona kitu cheusi kinatoka kwenye kola, kinapanda shingo, hakina haraka. Nikaomba kigeuke. Kikaelekea sikioni. Binti yake Neema, mzaliwa wa hapa hapa, asiyejibu Kiswahili hata umbembeleze, siku hiyo kikamjia chote:

"Mama! Mdudu! Anaingia sikioni!"

Weee! Sauti ya kwanza wanavua majoho, sauti ya pili wanaruka, mpiga kinanda kainamia kinanda chake anaendelea tu, na askofu akadhani Roho ameshuka, akainuka kupiga makofi.

Mama Neema akalinusa joho, akanigeukia.

"Baba Happy, hili linanuka samadi. Ulilifua?"

"Nililifua, Mama."

"Halafu?"

"Halafu... nikafunikia mchicha."

Miche ikafa karibu yote, ikabaki mitatu. Pasaka nikapeleka kibakuli kimoja, Mama Neema akakichungulia mbele ya watu.

"Na huu uliufunika na nini?"

Hakuna aliyeonja, nikala mwenyewe, na siku hizi sipandi hata kitunguu mpaka nimwone Mama Kokila amevua masweta yote mawili.