Mama Alivyopalilia Bustani ya Watu

Kiangazi kile cha miaka ya tisini nilikuwa na mimba ya miezi saba, na mama yangu, aliyekuja kutoka Singida kunisaidia uzazi, alitaka kurudi. Wiki tatu alikuwa amekaa dirishani kwenye fleti yetu ya Eagan, huku ughaibuni karibu na mji wa Saint Paul, akitazama magari yakiegeshwa. "Hapa mimi mgonjwa nisiyeumwa, mwanangu," alisema. "Nikatie tiketi nirudi kwangu." Nilimbembeleza wee, wapi. Niliogopa kujifungua bila yeye.

Siku moja nikaenda naye kazini. Nilikuwa natembeza wageni kwenye jumba la tajiri wa zamani, lililojengwa shambani karne ya kumi na tisa, kabla mji haujalifikia. Bustani ilitunzwa vilevile kama zamani: njia za kokoto, mawaridi, matuta ya maua yaliyopandwa kwa kufuata mchoro wa mwenye nyumba wa kwanza. Nikamkalisha mama kwenye benchi, nikamsihi atulie. Kumwambia mama yangu atulie mbele ya udongo, sijui nilitegemea nini.

Niliporudi, alikuwa amejifunga kanga kiunoni na tuta zima limepaliliwa. Miche ya maua ilikuwa imelazwa kando, imeng'olewa na mizizi yake. Kilichobaki ni mchicha pori, umepunguzwa vizuri, umepewa nafasi, umemwagiliwa maji. Mkuu wa bustani, mzee wa Kizungu wa maneno machache, alisimama pale kofia mkononi.

"Mwambie mboga yake ilikuwa inasongwa na magugu," mama akasema.

Sikumwambia hivyo. Niliomba radhi kwa Kiingereza tena na tena, kisha nikamweleza mama kwamba yale magugu ndiyo maua yenyewe. Uso ukamshuka kwa aibu. Mzee akainama, akachukua mche mmoja, akampa, akamwonyesha kwa kidole kina cha shimo. Wakapiga magoti wakapanda upya, kila mmoja akisema lugha yake.

Kwenye gari nilisubiri ailaumu nchi ya watu. Mama alikuwa anatoa udongo kwenye kucha.

"Yale maua yatachanua lini?"

"Labda miezi miwili, mama."

"Basi hiyo tiketi iache kwanza. Siwezi kuharibu shamba la mtu halafu nikapanda ndege."

Niliendesha nikifuta machozi kwa mkono mmoja. Kubembeleza kwangu hakukumzuia, wala mjukuu wake tumboni. Maua ya mzee wa watu ndiyo yaliyomzuia, na sikuona wivu hata kidogo.