Jiwe la Mama Mdogo Mbele ya Eksirei

Nilisafiri kwa sababu ya jiwe moja la fuwele, dogo kama punje ya muhindi. Marehemu baba mdogo aliliokota Mlima Meru enzi akibeba mizigo ya watalii, na mjane wake, mama mdogo, akalitunza kabatini. Utafiti wangu ulitaka kujua madini ya mlima wetu hufanya nini yakipigwa ghafla, kama kimondo kinapogonga ardhi. Nilitafuta miezi mingi, sikupata jingine safi kama lile.

"Shikamoo mama. Naomba nikalipige eksirei Ujerumani."

"Marahaba. Kama wanavyopiga mguu hospitali?"

"Ndiyo hivyo."

"Haya, likapigwe picha, lirudi."

Sikumwambia kwamba litavunjika. Mwoga ni mwoga hata akiwa na shahada mbili.

Alfajiri niliondoka nyumbani kwangu Sekei. Kabla ya kufika uwanja wa ndege nilikuwa nimefungua mkoba mara tatu kulitazama.

Siku ya pili, Ujerumani. Mwenyeji wangu Anke, fundi wa mtambo wa eksirei, alilisugua jiwe likawa jembamba kuliko ukucha. Mwali mkali wa leza utalipiga upande mmoja, alinikumbusha, na kabla halijasambaratika eksirei itapenya ndani kuonyesha jinsi atomu zake zinavyobanana. Pigo ni moja tu.

"Mwenyewe anajua litavunjika?" akauliza.

Nilitoka nje kupiga simu. Mama mdogo alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

"Jiwe halijambo?"

"Halijambo, mama."

Nikakata, nikazunguka maegesho ya magari kama kuku anayetaka kutaga.

Saa tisa alasiri. Leza ilipopiga, kilisikika kimlio kidogo tu. Kwenye kompyuta, vitone vya mwanga vilivyokuwa vimejipanga vizuri vilisogea, vikavutika, kisha vikafifia. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nililia, wakadhani ni furaha.

Wiki iliyofuata, kwa mama mdogo, juu ya Tengeru. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, kama afanyavyo kwetu mtu anayekwenda kuomba msamaha. Mama mdogo aliliona mikononi mwangu, akaweka chini sufuria ya ndizi. Nikamweleza yote.

"Ile siku ya simu, lilikuwa bado zima?"

"Lilikuwa zima, mama."

Nikampa picha ya eksirei.

"Hapa ndipo lilipobanwa?"

"Ndipo. Lilijikaza kwanza."

Aliitazama sana, kisha akaiweka kabatini, palepale pa jiwe.

"Isale nimelipokea," akasema. "Ila ungeomba ruhusa ya kulivunja, mwanangu, usingehitaji jani."