Paswadi ya Mama Nthambi

Watu wa Kitengela wanajua kunyimana. Watakunyima njia ya kupitia, watakunyima hata kivuli cha ukuta wao. Lakini maji hawakunyimi hivi hivi, maana kila mmoja wao amewahi kuamka akakuta mitungi yote mikavu na lori la maji halishiki simu. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini Mutindi alishindwa kuwanyima watu mtandao wa nyumbani kwake, aanze na kisima cha Nalangu.

Mutindi, au Mama Nthambi kama anavyoitwa na kila mtu, ni mjane wa kutoka Ukambani, fundi wa kushona sare za shule, mwenye nyumba ya mawe ya vyumba viwili huko nyuma ambako lami imeishia. Mumewe alifariki kabla hawajaweka hata tangi. Baada ya mazishi, jirani yake Nalangu, yaani Mama Nelson, alirusha mpira wa maji juu ya ua, akafungua mfereji, akasema, "Mama Nthambi, jaza vyombo zako zote." Tangu siku hiyo mpira huo unarushwa kila wiki. Mutindi aliwahi kuuliza atarudisha vipi huo wema, na Nalangu akakunja uso kama mtu aliyetukanwa. "Maji ni ya Mungu. Sisi tulichimba tu shimo."

Sasa, mtandao. Mutindi hakuuweka ili aangalie sinema. Aliuweka kwa sababu ya binti yake. Nthambi ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, na alikuwa amepata kazi ya kupanga vitunguu na nyanya kwenye makreti katika banda la shamba moja huko Kimana. Mama na mtoto huzungumza kwa mikono. Mutindi aliisoma lugha hiyo akiwa mtu mzima, kwa jasho, akicheza na vidole mbele ya kioo hadi wateja wake wakadhani ameanza kuchanganyikiwa. Kuandika kulikuwa kwa mambo madogo tu, kwa sababu Kiswahili cha Nthambi kwenye maandishi ni cha kuokota okota. Ukitaka kumjua amefurahi au ameumia, lazima umwone. Na bando la simu, mkipigiana kwa video, huisha mkiwa bado mnasalimiana.

Ndipo fundi Ochola akaja, akafunga kile kisanduku chenye taa ukutani, akamwandikia paswadi. "Mama, hii usipee mtu," alisema. Mutindi akaitikia kwa moyo wote. Jumamosi ya kwanza alimwona Nthambi wazi kabisa, hadi kovu la kwenye nyusi, na wakaongea mpaka mikono ikauma. Mutindi alilia akicheka.

Haikupita muda, Nalangu akatokea uani.

"Takwenya, Mama Nthambi," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Mutindi akaitikia kwa Kimaasai hicho hicho.

"Nasikia uko na wifi. Koko, nyanya wa watoto, anapenda ile mahubiri ya Kimaasai, na simu yangu inakula bando kama ng'ombe wa kiangazi. Si uniwekee tu?"

Wewe unayesoma hapo umekaa vizuri utasema, si angekataa. Haya, kataa wewe. Kataa huku mpira wa huyo mama unamimina maji kwenye mitungi yako. Mutindi alichukua simu ya Nalangu, akaandika paswadi mwenyewe, akaona amefanya jambo la busara kwa kutomwonyesha.

Lakini simu za siku hizi hazina siri. Simu ikishaingia kwenye mtandao, inaweza kuchora kile kimraba chenye vidoti, na simu nyingine ikikipiga picha, imeingia nayo, hakuna cha paswadi wala nini. Nalangu hakuona ubaya. Yeye maji yake huchotwa na wapangaji, wachungaji na wapita njia, na kisima hakijawahi kulalamika. Kimraba kikatoka kwake kikaenda kwa watoto, kwa mchungaji wa ng'ombe, kwa wapangaji wote wa ile safu ya nyuma. Mpe mtu shibiri, atachukua pima, na hapa hata aliyechukua hakujua amechukua.

Picha ya Nthambi ikaanza kukwama. Na hili ndilo jambo ambalo Mutindi hakuweza kumweleza mtu akaeleweka. Sauti ikikatika katika, utaunganisha mwenyewe maneno uliyoyakosa. Mkono ukikwama hewani haujasema kitu. Unatazama vidole vitano vimesimama, na vikija kutembea tena, sentensi imeshapita.

Akamwita Ochola. Ochola akamfungulia orodha ya simu zilizomo, ikawa ndefu kuliko ya wakopaji wa duka, kisha akabadilisha paswadi. Jumamosi hiyo picha ilikuwa safi. Jumatatu Nalangu akarusha mpira kama kawaida, akafungua maji kama kawaida, wala hakununa. Alisema tu, "Mahubiri ya Koko imekataa. Labda ni simu yangu imezeeka." Angalau angenuna! Angefunga mfereji, Mutindi angepata la kugombania. Alichopata ni maji, tena na chupa ya maziwa juu yake. Alisimama pale akijiona ile asante ya punda waliyosema wazee. Akaomba simu, akaandika paswadi mpya. Mchana haujaisha, kimraba kilikuwa kimefika hadi kwa wapangaji.

Basi ikaja ile Jumamosi. Siku mbili kabla, Nthambi alikuwa ameandika: *Mama Jumamosi mimi uliza wewe kitu kubwa.* Mutindi alifunga cherehani mapema, akaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akaketi mbele yake.

Nthambi alitokea, macho mekundu. Alieleza kwa haraka. Banda la Kimana linafungwa. Mwenye shamba anawapeleka wafanyakazi kwenye shamba jipya, mbali sana, upande usio na mtandao, kwa msimu mzima. Lori linaondoka leo hii kabla ya giza. Huko bandani wanamcheka wakidhani haoni, na amechoka. Lakini nyumbani hataki kuwa mzigo. Tangu baba afe anajua mama anashona mpaka macho yanamwuma. Akainua mikono aulize, niende au...

Picha ikakwama.

Mutindi alijua swali. Na jibu alikuwa nalo zamani, jibu lilikuwa limemjaa kifuani: rudi nyumbani. Alilisema kwa mikono yote miwili. Upande wa pili hapakutikisika. Angeliandika, lakini aliona neno kama hilo linataka uso, mtoto aone kwamba mama hasemi kwa kumwonea huruma. Akaonyesha ishara ya *subiri*, nayo haikufika popote. Kisha akatoka mbio kwenda kwa Nalangu kuwaomba wazime simu zao dakika chache tu. Hilo halikuwa ombi kubwa. Njiani alijiapiza kwamba leo atasema.

Alipoingia alikuta sebule imejaa. Koko, mama mkwe wa Nalangu, alikuwa amekaa katikati na shuka lake, simu imewekwa mbele yake juu ya stuli. Kwenye simu kulikuwa na jeneza. Dada yake Koko alikuwa anazikwa huko Kiserian, na miguu ya Koko haikuweza safari, kwa hiyo walikuwa wanamzikia hapo, kwa mtandao wa Mutindi. Nalangu akainuka akiwa na machozi, akamkumbatia.

"Ulisikia ukakuja," alisema. "Mungu akubariki. Keti hapa na Koko."

Koko akashika mkono wa Mutindi asiuachie. Vidole vikavu, vina nguvu ajabu. Mutindi alifungua kinywa. Angesema nini? Zimeni mazishi? Aliketi. Mchungaji wa huko Kiserian alikuwa mmoja wa wale wasioijua amina, na kila Mutindi alipojaribu kuinuka, Koko alimkaza mkono. Udongo ukatiwa, wimbo ukaimbwa, chai ikaletwa, na chai ya matanga haikataliwi. Alikunywa ikimchoma koo, akiwa amewakasirikia wote na hana hata mmoja wa kumlaumu.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limeshuka. Simu ilikuwa pale pale kwenye kopo. Kumbe picha ilikwamuka mara tu alipoinuka na kuipa simu mgongo. Nthambi alikuwa amekaa muda wote huo akitazama kiti kitupu. Na kwa kiziwi, mtu akiondoka mbele yako katikati ya neno, hajachelewa wala hajaitwa kwingine. Amekataa kukusikia.

Ujumbe ulikuwa mmoja. *Mama mimi uliza, mama simama ondoka. Kiti tupu. Mimi elewa. Mimi panda lori. Usilie.*

Mutindi akaandika, *Rudi nyumbani. Rudi mwanangu, sikukukataa.* Ikatokea alama moja ya kutumwa. Ya pili haikutokea. Akapiga, akapiga tena, simu ya Nthambi ilikuwa imezimwa. Akajirekodi akisema kwa mikono, akatuma, na video nayo ikabaki na alama moja.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Nalangu, amekuja kumshukuru. "Bila wewe, Koko hangemwona dada yake mara ya mwisho. Hii wifi yako ni baraka."

"Hakuna shida, Mama Nelson," Mutindi akasema. Akamsindikiza hadi langoni. Kisha akarudi, akaegemeza simu kwenye kopo, akaketi kwenye kile kiti na kutazama kioo cheusi, ili simu ya Nthambi ikiwashwa popote itakapowashwa, binti amkute mama yake amekaa.