Usiitike Mpaka Umwone

Mvua ya jana ililowesha gunia la mlangoni, na harufu yake ikanipeleka moja kwa moja Kibiti, kwenye chumba cha kompyuta cha shule yetu. Tulikuwa tunanawa miguu, tunaifuta kwenye gunia, ndipo tunaingia peku, jenereta likinguruma nje.

Siku ile tulikuwa tunatafuta picha za mikoko kwenye intaneti. Picha ilikuwa bado inashuka polepole pale kilipotokea kisanduku cha ujumbe. Mtu tusiyemjua ameandika: hujambo, unaitwa nani, unakaa wapi? Nilifurahi. Nyumbani mtoto akisalimiwa na mkubwa huitikia, akataja jina lake na la baba yake. Nikaanza kuandika.

Mkono wa mwalimu, Mungu ampe umri mama yule, ukashuka na vumbi lake la chaki, ukafunika vidole vyangu.

"Ukienda mikokoni kuokota kuni, ukaitwa na usiyemwona, unaitika?"

"Siitiki, mwalimu. Mpaka nimwone."

"Na huyu umemwona?"

Nikatikisa kichwa. Hakunigombeza, wala hakuzima mashine. Alikifunga kile kisanduku, akaniachia kibodi. "Haya mwanangu, tuoneshe hiyo mikoko."

Harufu ya gunia ilikuwa bado puani binti yangu aliponiita mezani, kwenye kompyuta yake.

"Mama, kuna mtu humu ananiuliza nasoma shule gani."

Mkono wangu ukashuka juu ya vidole vyake.