Taa Mbili Juu ya Bampa

Miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji nilikuwa fundi wa magari Kasongo, kwenye karakana ya kampuni ya pamba. Mkubwa wetu, mzungu aliyependa sana kuwinda, alileta taa mbili kubwa, akataka nizifunge juu ya bampa la gari lake la jipi, ziwake pamoja na zile za kawaida.

Nilimwambia taa hizo zinahitaji waya wake mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi yake peke yake. Waya wa namna hiyo hatukuwa nao, ilibidi uagizwe mjini Kindu.

"Unganisha kwenye waya uliopo."

"Bwana, ule ni mwembamba. Ukibeba taa nne utashika moto."

"Nasafiri kesho."

Nikaunganisha. Tulipojaribu, fyuzi ikakatika palepale. Mkubwa akachana karatasi ya kung'aa kutoka kwenye pakiti yake ya sigara, akanipa niizungushie fyuzi ili umeme upite hata ikiwa imekatika. Nikaizungushia. Taa zote nne zikawaka, akacheka kama mtoto. Mimi nilikuwa nanusa mpira wa waya ukipata joto.

Kwenye mawindo hakupata shida, maana aliziwasha kidogo na kuzizima. Kila wiki niliulizia waya. Kila wiki aliniambia utakuja.

Msimu wa mvua, mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Kabambare, alishikwa na uchungu siku mbili bila kujifungua. Mkubwa alinipa lile gari nikamchukue nimlete kwa daktari Kasongo. Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Tuliondoka Kabambare kabla ya kupambazuka, mimi, mdogo wangu, na mama mkwe wake aliyempakata nyuma. Mvua ilikuwa kubwa, barabara haionekani. Niliziwasha zile taa, na sikuthubutu kuzizima.

Katikati ya njia moshi ukatoka chini ya usukani. Nikasimamisha gari, nikakimbia kuchomoa betri. Waya zote za pale zilikuwa zimeyeyuka, zimegandana kama ugali. Injini haikupata umeme tena.

"Yaya, kuko nini?" mdogo wangu aliuliza; kwetu kaka mkubwa ndivyo anavyoitwa.

"Iko waya kidogo tu. Ngoja."

Kwa kupapasa nilikata kipande kilichobaki kizima kule mbele kwenye bampa, nikakiunganisha kutoka kwenye betri hadi kwenye koili, ile inayoipa injini cheche. Matone ya mvua yalinichuruzika machoni, na nyuma yangu mdogo wangu alikuwa akilia, "Yaya, twende! Twende!" Nikajibu, "Tunaenda," na gari halisogei.

Injini iliponguruma kulikuwa kumekucha, naye alikuwa amenyamaza. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amempokea mtoto kwenye kitenge chake. Wa kiume. Hakulia.

"Endesha," mama yule aliniambia. "Huyu mama yake iko muzima bado."

Daktari alimwokoa mdogo wangu. Mkubwa aliandika kwamba gari liliungua kwa sababu fundi aliunganisha taa vibaya, akaniletea karatasi niweke sahihi. Nilijua Kifaransa cha kutosha kuielewa. Nikaweka. Ningesema nini? Mikono iliyounganisha ilikuwa yangu.

Miaka miwili baadaye mdogo wangu alizaa binti, nikaenda kumwona. Nilikaa kwake siku tatu. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamweleza habari ya zile taa na ile fyuzi, na kila asubuhi aliniwekea uji, akaniuliza habari za nyumbani, nami nikampa hizo tu. Nikarudi Kasongo sijasema.